Kempa ya pop-ap ya mtumba: uzoefu wangu na umeme wake na zile swichi za usalama

Naanza na maksi kabisa ili asiye na muda asome aende zake. Kempa yenyewe naipa nne kwa tano, umeme wake ulivyokuwa siku nanunua naupa mbili, na umeme ulivyo sasa naupa tano bila ubishi, na tofauti ya hapo katikati haikula hela nyingi, ilikula jumapili zangu.

Kwa wasioijua, pop-ap ni trela fupi unayoweza kuvuta na gari la kawaida tu, unazungusha hendo paa linapanda, vitanda viwili unavivuta nje huku na huku, kuta ni turubai. Niko Minnesota, familia inapenda sana mbuga za jimbo, mfano Itasca pale mto Mississippi unapoanzia, na kule kuna viwanja vyenye nguzo ya umeme unafika unachomeka unaishi. Niliinunua kwa mzee mmoja aliyekuwa anahamia ghorofani. Turubai zima, matairi mazima, nikaona nimeokota.

Sasa umeme. Ndani ya hiki kijumba kuna umeme wa aina mbili na hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Kuna wa volti 120 unaotoka kwenye nguzo, huo unaendesha AC na soketi. Halafu kuna wa volti 12 wa betri, huo unaendesha taa, pampu ya maji, feni ya hita na kile king'ora cha gesi. Katikati yake kuna konveta ambayo inachukua ile 120 inaishusha kuwa 12 na inachaji betri humohumo. Kwa hiyo taa zikizima usikimbilie nguzo, na soketi zikifa usikimbilie betri.

Na ndugu zangu mliosomea umeme nyumbani, VETA au kwa fundi wa mtaani, hapa naomba mtulie kidogo. Nyumba za zamani za kwetu waya mwekundu ndio laivu (unaoleta umeme) na mweusi ni nyutro (unaourudisha), za sasa kahawia laivu na bluu nyutro. Huku Marekani mweusi ndio LAIVU, mweupe nyutro, kijani au shaba tupu ndio ethi, ule wa usalama unaokwenda ardhini. Halafu ndani ya kempa upande wa volti 12 utakuta mara nyingi mweusi ni chanya na mweupe ni hasi, na nyaya za pande zote mbili zinakutana kwenye boksi moja. Yaani mkono uliozoea nyumbani unaona mweusi unajisemea ah huu nyutro tu, unaushika. Mita kwanza, kila siku mita kwanza, hata kama umesoma hadi diploma.

Tuje kwenye swichi ya paa maana ndiyo iliyonifanya niandike. Baadhi ya hizi pop-ap, yangu ikiwemo, zina kiswichi kidogo ukingoni karibu na paa. Paa likishuka kinabonyezwa na kinakata umeme wa 12 kwenye taa na vitu vya ndani. Sababu yake ni ya maana sana, paa likiwa chini godoro na turubai vinajikunja vinagusana na dari, na taa za zamani zilikuwa za balbu inayokula karibu amp moja na nusu, inachemka vibaya. Ukisahau moja inawaka halafu ukafunga paa ukaanza safari, hapo umefungia moto na godoro ndani ya boksi. Sasa mimi nafungua kifuniko nakuta nyaya mbili za hiyo swichi zimesokotwa pamoja zikafungwa tepu nyeusi, swichi imeachwa inaning'inia kama pambo! Nilimpigia yule mzee kwa upole tu, akasema taa zilikuwa zinawaka na kuzima akaona swichi ndiyo mkorofi, akairuka.

Na swichi haikuwa mkorofi. Niliitoa nikaipima na mita ikawa nzima kabisa, inafunga na kufungua vizuri. Ugonjwa ulikuwa kwenye waya unaopanda na paa. Fikiria hii kitu, kila ukifungua kempa ule waya unanyooka, kila ukifunga unakunjwa, miaka nenda rudi, mwisho nyuzi za shaba zinakatika ndani ya plastiki na nje huoni kitu. Paa likiwa juu kabisa taa zinazima, ukishusha kidogo zinawaka. Hiyo ndiyo dalili yake, ukiiona usibadilishe balbu. Niliweka waya mpya wenye nyuzi nyingi nyembamba (usiweke ule mgumu wa ukutani, huo ukikunjwa unakatika haraka), nikauachia ulegevu wa kutosha, nikaweka mpira kila unapopita kwenye bati, na swichi nikairudisha kazini. Balbu zote nikaweka za LED maana zinakula kidogo sana na hazichemki vile. Kwenye boksi la fyuzi nako nilikuta sehemu iliyoandikwa 15 imechomekwa ya njano, ambayo ni ya 20. Fyuzi za kisu rangi ndiyo saizi, bluu 15, njano 20, kijani 30, na ukiweka kubwa kuliko waya basi fyuzi itabaki nzima waya uungue. Nikarudisha bluu.

Kempa ikiwa na swichi ya usalama iliyorukwa hata moja, mimi punguzo naomba palepale, kwa sababu aliyeruka moja sina imani naye kwenye zingine.

Swichi nyingine watu wanayoitukana bure ni ya hita. Usiku wa Septemba huku baridi inaingia hadi kwenye meno, unawasha hita, feni inazunguka, gesi haiwaki, watu wanasema hita imekufa. Kumbe ndani kuna kibati chepesi kinachosukumwa na upepo wa feni, kikisukumwa vya kutosha kinafunga swichi ndipo gesi inaruhusiwa kuwaka. Betri ikichoka feni inazunguka kivivu, upepo hautoshi, kibati hakisogei, gesi inakataa, na inafanya vizuri kukataa kwa sababu moto bila upepo ungechemsha hita kupita kiasi. Kwa hiyo kabla ya kuita fundi pima betri. Ikiwa imepumzika na inasoma 12.6 hivi imejaa, 12.2 iko nusu, na betri za asidi ukizishusha chini ya nusu kila mara unaziua. Yetu ilikuwa inaisha usiku kwa sababu friji iliachwa kwenye 12, hiyo friji ina njia tatu, gesi, 120 na 12, na hii ya 12 ni ya njiani tu gari likiwa linavuta. Ukipaki pasipo na umeme hamia gesi.

Kitu nilichonunua kipya na ninakisifia kwa nguvu zote ni kile kifaa cha kuchomeka kati ya nguzo na kempa, wanakiita EMS. Sio ile ya bei rahisi inayozuia radi na umeme unaoruka ghafla tu, hii inapima umeme kabla ya kuuruhusu uingie. Bei yake ni dola mia mbili na ushee kwa ile ya amp 30, mke wangu aliguna kidogo. Inakata volti zikishuka chini ya 104 au zikipanda juu ya 132, inakataa kama laivu na nyutro zimegeuzwa, inakataa kama hakuna ethi. Kuna uwanja mmoja wa binafsi (sitautaja) tulichomeka ikakataa, ikaandika ethi hakuna. Jirani kachomeka moja kwa moja bila kifaa na maisha yakaendelea, ila mtoto wake akawa analalamika mlango unamtekenya akishika akiwa pekupeku kwenye nyasi mbichi. Hicho kitekenyo ni bodi ya kempa imepata umeme na inatafuta ardhi kupitia wewe! Nikamwambia kaka chomoa haraka, wenye uwanja wakatuhamisha wote wawili.

Nyumbani nako nilisumbuliwa. Nikichomeka kempa kwenye soketi ya gereji, ile yenye vitufe viwili ya GFCI, inakata papo hapo. Hizo ni nyeti kuliko tulizozoea, zinakata umeme ukivuja kama miliamp 5, wakati RCD ya main swichi kwetu, yenye kazi hiyohiyo, mara nyingi ni miliamp 30. Nikazima breka zote za ndani, bado inakata. Breka inakata laivu peke yake, nyutro inabaki imeungana, hivyo kitu chenye nyutro iliyogusa ethi kinaendelea kuikatisha hata kikiwa kimezimwa. Nikaanza kuchomoa kimoja kimoja mpaka nikafika koili ya friji ya 120, imeingia unyevu wakati wa baridi. Nilinunua nyingine ikatulia. Wapo wanaoshauri utoe GFCI uweke soketi ya kawaida, hao wasikilizeni kwa heshima halafu msiwafuate.

AC inapoza vizuri ila ikiwaka pamoja na jiko la maikrowevu kwa ekstensheni ya nyumbani breka inakata, hiyo ni hesabu tu, amp 30 mara 120 ni wati 3600 na soketi ya kawaida ni nusu ya hapo. Breki za trela zina pini yenye kamba, trela ikichomoka pini inavutika breki zinabana zenyewe, lakini zinabana kwa betri ya trela, kwa hiyo betri ikifa na hiyo swichi imekufa. Ivute ukiwa umepaki usikie kama magurudumu yanabana. Usiivute na usahau.

Kuna mtu kaniuliza kama anaweza kuipakia kontena aipeleke Dar akafanyie biashara ya kambi. Upande wa 12 utakwenda nao popote, gesi pia ukibadilisha regyuleta iendane na mtungi wa kule. Upande wa 120 ni kuung'oa wote, soketi, breka, konveta, koili ya friji, kwa sababu kule ni 230 na mizunguko ni 50 kwa sekunde badala ya 60, na AC iuze hukuhuku usihangaike nayo. Halafu mlango uko upande wa kulia, Bongo ukipaki pembeni utakuwa unashukia kwenye daladala.