Flying Blue na kadi ya pointi: tathmini ya safari ya familia kutoka Minnesota hadi Nairobi

Flying Blue ni mpango wa maili, yaani pointi za kukatia tiketi za ndege, wa mashirika ya Air France na KLM, ulioanzishwa mwaka 2005. Kwa familia yenye asili ya Afrika Mashariki inayoishi Marekani na kurudi nyumbani kila inapojaliwa, naamini huu ndio mpango unaostahili kuangaliwa kwanza, ijapokuwa si lazima uwe ndio utakaotumika mwishoni. Nautathmini kama mzazi wa watoto watatu anayeishi Minnesota, mwenye wazazi Mombasa, na ambaye maili zake nyingi hazikutokana na kupanda ndege bali na matumizi ya kawaida ya nyumbani yaliyolipiwa kwa Chase Sapphire Preferred, kadi ya mkopo ya benki ya Chase inayotoa pointi zinazoweza kugeuzwa kuwa maili. Daraja la biashara silizungumzii kabisa, kwa sababu familia ya watu watano inayotafuta vitanda vitano vya kulala angani kwa maili inatafuta kitu ambacho hakipatikani mara kwa mara, na kikipatikana bei yake haisemeki.

Sababu ya kwanza ya kuupendekeza mpango huu ni ramani. KLM huruka kutoka Amsterdam hadi Nairobi, Kilimanjaro na Dar es Salaam, na vilevile Entebbe na Kigali, nayo Air France huruka kutoka Paris hadi Nairobi na Zanzibar. Upande wa Marekani, mashirika hayo mawili hufika miji mingi mikubwa, na mshirika wao Delta ana safari ya moja kwa moja kati ya Minneapolis na Amsterdam, hivyo familia yetu hubadilisha ndege mara moja tu kabla ya kufika Nairobi. Anayesafiri na watoto wadogo anajua kwamba kila uwanja wa ziada wa kubadilishia ndege ni begi moja la ziada la kupotea na mtoto mmoja wa ziada wa kulia.

Sababu ya pili ni kwamba maili za Flying Blue zinaweza kutoka karibu kila upande. Watoa kadi Chase, American Express, Citi, Capital One na Bilt wote huruhusu mteja kuhamishia pointi zake huko, jambo ambalo mipango michache sana inaweza kujivunia. Maana yake kwa familia ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwani mume anaweza kuwa na kadi ya benki moja na mke akawa na kadi ya benki nyingine, na bado pointi za wote wawili zikakutana mahali pamoja. Mpango wenyewe una akaunti ya familia inayoweza kukusanya hadi watu wanane chini ya mkuu mmoja wa familia, ambaye huchota maili za wenzake anapotaka kukata tiketi. Mtoto anaweza kuandikishwa akiwa na umri wa miaka miwili, na nawashauri wazazi wafanye hivyo mapema, kwa sababu maili za mtoto mmoja peke yake hazinunui chochote, lakini za watoto watatu zikijumlishwa na za wazazi huleta tofauti.

Hata hivyo, kinachoufanya mpango huu uwe wa familia kwelikweli ni punguzo la watoto. Mtoto mwenye umri wa miaka 2 hadi 11 hupunguziwa asilimia 25 ya maili katika tiketi za ndege za Air France na KLM. Tuchukue mfano wa familia kama yetu, yenye wazazi wawili, kijana mmoja aliyekwisha kupita umri huo, na wadogo wawili ambao bado hawajafika miaka 12. Ikiwa kiti cha mtu mzima kinauzwa kwa maili 40,000 kwenda tu, watatu watalipiwa maili 120,000 na wadogo wawili maili 60,000, jumla 180,000 badala ya 200,000. Kwenda na kurudi, familia itakuwa imeokoa maili 40,000, yaani kiti kizima cha mtu mzima cha upande mmoja. Mipango mingi mingine humtoza mtoto aliyekwisha kutimiza miaka miwili maili sawasawa na za baba yake.

Sasa nifike kwenye upande unaouma. Tangu mwaka 2018 Flying Blue haina orodha ya bei isiyobadilika. Bei ya kiti kwa maili hupanda na kushuka kulingana na tarehe na mahitaji, na katika wiki mbili za mwisho za Desemba, wakati ambapo kila Mkenya aliye Marekani anataka kula Krismasi nyumbani, bei hizo hupanda hadi kumfanya mtu afunge kompyuta. Tatizo humzidi mwenye familia, kwa sababu mtambo wa kukatia tiketi hutafuta daraja la bei lenye nafasi za kuwatosha wote kwa pamoja. Vikiwa vimebaki viti viwili vya bei nafuu, anayetafuta viti vitano hataonyeshwa kwamba viwili ni nafuu, bali ataonyeshwa bei ya juu kwa vyote vitano. Ndiyo maana inafaa kutafuta kwanza kiti kimoja, kisha viwili, kisha vitatu, ili kujua bei inaruka wapi. Kugawa familia katika tiketi mbili, mzazi mmoja na baadhi ya watoto katika kila tiketi, kunaweza kuokoa maili nyingi, lakini ndege ikifutwa au ikichelewa sana, shirika linaweza kulipanga kundi moja leo na jingine kesho, na wenye watoto wachanga wasijaribu mchezo huo hata kidogo.

Jambo la pili linalouma ni fedha taslimu. Tiketi ya maili si tiketi ya bure. Juu ya kodi za serikali na za viwanja, Air France na KLM huongeza tozo zao wenyewe, na kwa safari ndefu kama hii jumla inaweza kufika dola mia kadhaa kwa kila abiria. Kipimo ninachokitumia ni chepesi na ningependa kila mzazi akitumie kabla ya kubonyeza kitufe cha kulipa. Chukua bei ya tiketi hiyohiyo kwa fedha, toa tozo utakazolipa kwenye tiketi ya maili, kisha gawanya kinachobaki kwa idadi ya maili. Tuseme tiketi ya kwenda na kurudi ya Desemba ni dola 1,900, tozo ni dola 500, na maili zinazohitajika ni 80,000. Kilichookolewa ni dola 1,400, sawa na senti 1.75 kwa kila maili, na hapo maili zimefanya kazi nzuri. Tuseme tena ni mwezi wa Februari, tiketi imeshuka hadi dola 1,100, na maili bado zinaombwa 80,000 na tozo zilezile. Hapo kila maili imeleta senti 0.75 tu, chini ya senti moja ambayo Chase yenyewe hukulipa ukiamua kugeuza pointi kuwa fedha. Kutumia maili katika hali hiyo ni kujitia hasara kwa furaha.

Kipimo hicho ndicho pia kinachonifanya nisihamishe pointi kutoka benki kabla ya kukiona kiti chenyewe kwenye skrini. Pointi zikishavuka kutoka Chase kwenda Flying Blue hazirudi, ilhali zikibaki benki zinaweza bado kwenda United, British Airways au kwingineko. Kwa kawaida uhamisho hukamilika papo hapo, kwa hiyo hakuna faida ya kutangulia. Kinachofaa kusubiriwa ni zile nyakati ambapo benki hutoa nyongeza kwa wanaohamishia Flying Blue, pamoja na punguzo ambalo mpango wenyewe hulitangaza kila mwezi kwa safari teule.

Kuhusu kadi, Chase Sapphire Preferred hutoza ada ya dola 95 kwa mwaka, haitozi ada ya miamala ya nje ya Marekani, na hutoa pointi tatu kwa kila dola ya mkahawani na mbili kwa kila dola ya safari. Pointi nyingi hasa hutoka kwenye zawadi ya kujiunga, ambayo hudai mteja atumie maelfu ya dola ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Wanandoa wanaojua mambo hawafungui kadi kwa wakati mmoja, bali mmoja hufungua sasa na mwenzake baadaye, wakipanga bima ya gari, ada za shule na matairi ya baridi yaangukie katika miezi hiyo. Ikumbukwe kwamba Chase kwa kawaida haimpi kadi mpya mtu aliyefungua kadi tano au zaidi, za benki yoyote, katika miezi 24 iliyopita, kwa hiyo zile kadi ndogondogo za maduka ya nguo zinaweza kukuzibia njia.

Yote haya yana maana kwa anayelipa deni lote kila mwezi pekee. Riba ya kadi hizi kwa kawaida hupita asilimia 20 kwa mwaka, na hakuna tiketi ya maili inayoweza kuifidia. Kwa ndugu Waislamu suala hili lina uzito wa aina nyingine, na nawafahamu waliokataa kadi hizi moja kwa moja kwa sababu mkataba wenyewe una kipengele cha riba hata kama hawatailipa kamwe. Uamuzi wao nauheshimu.

Faida ya kadi hii ambayo watu wengi hawaitumii ni bima ya safari. Ndege ikichelewa zaidi ya saa 12, au uchelewaji ukilazimisha kulala njiani, bima hurudisha gharama za chakula na malazi hadi dola 500 kwa kila tiketi, na begi likichelewa zaidi ya saa sita hurudisha hadi dola 100 kwa siku, kwa siku tano, za kununulia mahitaji ya lazima. Mwenzi na watoto wamo. Hata tiketi ya maili inaweza kuingia ndani ya bima hiyo, mradi tozo na kodi zake zimelipwa kwa kadi hiyohiyo, kwa hiyo asilipe kwa kadi ya debiti mtu aliyekwisha kulipa ada ya mwaka. Risiti zihifadhiwe zote, na barua ya shirika inayoeleza sababu ya kuchelewa iombwe palepale uwanjani. Ukishafika nyumbani, kadi itakufaa kwenye supamaketi na hotelini, lakini sokoni Kongowea bila M-Pesa utarudi na kikapu kitupu.

Kadi za bei kubwa zinazojinadi kwa kumbi za mapumziko za viwanjani hazinishawishi. Chase Sapphire Reserve sasa ni dola 795 kwa mwaka na American Express Platinum ni dola 895, na bado haziwatoshi watu watano. Katika kumbi za Centurion za American Express, mgeni mtu mzima hulipiwa dola 50 na mtoto dola 30, isipokuwa mwenye kadi awe ametumia dola 75,000 kwa mwaka. Mama mmoja na watoto watatu wangelipa dola 90 kwa ajili ya supu na vibanzi. Kwa fedha hiyo watakula vizuri kwenye mkahawa wowote wa uwanjani.

Kuna faida moja ambayo watu wachache huitumia, nayo ni kusimama njiani. Flying Blue humruhusu mwenye tiketi ya maili kukaa Paris au Amsterdam zaidi ya saa 24, hata hadi mwaka mmoja, bila kuongezewa maili. Kwa watoto, kulala siku mbili katikati ya safari hupunguza uchovu kuliko dawa yoyote. Lakini familia ambayo baadhi yake wana pasipoti za Marekani na wengine za Kenya au Tanzania iangalie sana, kwani kadi ya ukaazi wa kudumu wa Marekani haimwondolei mtu haja ya viza ya Schengen, ile ya kuingia Ufaransa au Uholanzi. Mara nyingi watoto ndio wanaoweza kutoka nje ya uwanja, na wazazi ndio wasioweza.

Mshindani halisi, kwa maoni yangu, si Emirates wala Qatar Airways, ingawa yote mawili yana akaunti za familia na hufika Nairobi na Dar es Salaam. Ni maili za United zinazotumika kukatia tiketi za Ethiopian Airlines, mwanachama mwenza wa muungano wa mashirika ya ndege uitwao Star Alliance. United haiongezi tozo za mafuta katika tiketi za washirika, maili zake hazina muda wa kuisha, na tangu mwaka 2024 huruhusu hadi watu watano kuchanga maili katika chungu kimoja. Haina punguzo la watoto, na viti vya Ethiopian vya kutosha familia nzima ni adimu wakati wa likizo, lakini kwa wanaoishi karibu na Washington au Chicago, ambako Ethiopian hutua, hesabu inaweza kugeuka kabisa. Kenya Airways, ambayo zamani ilikuwa ndani ya Flying Blue na sasa ina mpango wake wa Asante Rewards, ina ndege ya moja kwa moja kati ya New York na Nairobi tangu Oktoba 2018, nayo ni starehe kwa aliye New York, ila kwetu huku kaskazini kwanza ni safari ya kwenda New York.

Kwa mwaka huu, basi, Flying Blue imeshinda nyumbani kwetu, na sababu ni wale wadogo wawili. Mmoja wao atatimiza miaka 12 kabla ya Desemba ijayo, na kuanzia hapo punguzo litabaki kwa mtoto mmoja tu, tozo zikiwa palepale kwa wote watano. Tayari tumeanza kuziangalia ndege za Ethiopian kutoka Chicago.