Klipu ni nzuri, ila miguu yetu iko wapi?

Tulilipa shilingi milioni moja na laki mbili za Uganda kwa klipu ya wimbo wetu, nusu tuliitoa siku ya kushuti, nusu siku ya kukabidhiwa kazi. Mimi ndiye mweka hazina wa kwaya, watu 22, wengi tumetoka Kivu, Kongo, na tunasali Katwe, Kampala, kwa hiyo kila shilingi iliyotoka naijua. Jina la studio sitaliandika, kijana mwenyewe ni mtu wa heshima na bado tunasalimiana.

Nianze na kamera, maana hapo hana mpinzani. Klipu yetu ya kwanza, ya fundi mwingine, ilijaa mistari myeusi inayopanda na kushuka ukutani, tukadhani ni mapepo ya ukumbi. Huyu aliingia, akatazama taa za tyubu juu, akacheka. Umeme wa huku huzunguka mara 50 kwa sekunde, taa inafifia na kuwaka mara 100, jicho halioni lakini kamera inaona. Akaweka fremu 25, yaani picha moja moja, kwa sekunde, na kila fremu ikapokea mwanga kwa sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Mistari ikapotea. Kisha akakataa kuiachia kamera ijipimie mwanga, kwa sababu sare zetu ni nyeupe na kamera ikishaona weupe mwingi hupunguza mwanga, nyuso zote zinageuka mkaa. Alipimia usoni mwa mama anayeongoza wimbo. Kwa mara ya kwanza nimeona kope zangu kwenye video.

Ggaba, ufukweni mwa Ziwa Victoria, ndipo tulipocheka hadi kulia. Alitaka kitenge kipepee polepole huku midomo ikifuata maneno sawasawa, basi akaucheza wimbo kwenye spika kwa kasi mara mbili na kupiga fremu 50 kwa sekunde. Mama yetu akaimba kama kuku anayekimbizwa. Ukipunguza hadi 25, midomo inakaa pale pale pa sauti na kitenge kinaelea. Droni hatukupata. Alisema mapema kwamba inahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga na yeye hana, na hilo nililipenda kuliko angeahidi halafu akakimbia na pesa.

Tatizo ni meza ya kuhariri.

Aliyekaa kwenye kompyuta amezoea wasanii wa mjini: nyota mmoja, miwani, gari la kukodi, na kila ngoma ikidunda picha inabadilika. Kwa msanii asiyejua kucheza hiyo ni huruma, kisu cha mhariri kinamfichia aibu. Sisi tulifanya mazoezi wiki sita ili watu 22 wainue mguu mmoja kwa wakati mmoja. Sebene ilipoingia, yaani ile sehemu ya wimbo ya gitaa na kucheza, pale ambapo Mkongo yeyote anaacha sahani na kusimama, nikaona uso, mkono, maji, uso, ndege, uso. Nilihesabu picha 71 ndani ya dakika moja. Miguu, sifuri. Gitaa la solo linalia na sisi tunaonyeshwa mpiga kinanda, tena amepumzika! Ghetto Kids, wale watoto wachezaji wa Kampala, waliposambaa dunia nzima mwaka 2014 kwa wimbo Sitya Loss wa Eddy Kenzo, watu walikuwa wanatazama nini kama si miili mizima inayocheza?

Nilipomfuata mhariri akaniambia, "Nyabo (yaani mama), picha ikikaa sana watu watachoka." Nikamjibu kwamba watu wetu hawajawahi kuchoka na sebene.

Lakini haki yake nimpe. Kawaida wimbo unapigwa picha mwanzo hadi mwisho mara kadhaa: mara moja kwaya nzima, mara moja kuanzia kiunoni, mara moja nyuso, mara moja vyombo. Ufukweni tulipigwa picha kwaya nzima kwenye ubeti tu. Mpiga picha alituita saa tisa, sisi tukafika saa kumi na moja kwa sababu ya foleni ya Kibuye, na huku kwenye ikweta jua likianza kushuka halikusubiri. Mhariri angeitoa wapi miguu?

Makubaliano yalikuwa na marekebisho mawili bila malipo, na aliyatimiza bila kununa. Sebene ya ufukweni ilijazwa na ile ya ukumbini, picha moja inakaa hadi sekunde nane, gitaa limerudi mahali pake. Ni kweli tunaanza kucheza na vitenge na kumaliza na sare nyeupe, ila kanisani aliyeuliza ni mzee mmoja tu.

Desemba tutarudi kwake na wimbo wa pili, safari hii na karatasi: sebene yote, kwaya nzima, kichwa hadi kidole cha mguu, kabla ya picha nyingine yoyote. Na ile nakala ya kusimama, ya kutazamia kwenye simu, niione kwanza kabla haijatumwa kwenye kundi. Ile ya kwanza ilikata pande zote mbili za mstari wa kwaya, waimbaji wote wa sauti ya pili wakabaki nje, na wameshaniambia Desemba wao wanasimama katikati.