Fimbo kwanza, raba mwisho: ununue nini cha kutuliza upinde wa shabaha

Hapa Lubumbashi ukisema "stabilaiza", mtu atakuonyesha kile kisanduku kinacholinda friji umeme unapopanda na kushuka. Yetu ni nyingine: fimbo inayochomoza mbele ya upinde. Sisi wachache tunaopiga shabaha upande wa njia ya Kipushi, kichuguu kikubwa kikiwa ukuta wetu wa kuzuia mishale, tunaagiza vitu kwa ndugu anayesafiri Dubai au Johannesburg. Ukikosea kuagiza, ndiyo basi, hakuna kurudisha. Kwa hiyo nimevipanga kwa jinsi ambavyo ningetoa pesa zangu mwenyewe.

Za kwanza zote ziende kwenye fimbo ndefu ya kaboni. Gramu 100 zikikaa sentimita 75 mbele ya mpini huuvuta mkono chini sawasawa na gramu 300 zilizokaa sentimita 25. Mzigo wa kifundo cha mkono ni uleule, lakini uzito wa mbali unakataa kuyumbishwa mara tatu zaidi, kwa sababu ukaidi huo hukua kwa mraba wa umbali. Ndiyo maana vile vifimbo vifupi vya wawindaji, vya inchi 6 au 8, siviweki hata kwenye orodha. Kwa upinde wa rikavu, ule ambao ncha zake zimejikunja kuelekea mbele, tafuta inchi 28 hadi 32. Inchi 30 ni sentimita 76. Iwe ngumu, maana fimbo inayopinda huchelewa kutulia ukiwa umeshalenga. Iwe nyembamba pia: kiangazi chetu kina upepo wa kusini-mashariki, na fimbo nene huupokea kama tanga.

Ya aluminiamu hupatikana kwa dola 30 hivi, na mtoto anayeanza itamtosha. Kwa mtu mzima, seti za bei ya chini za Avalon, WNS au Cartel ni pesa iliyokaa vizuri. Beiter ya Ujerumani hufunga pamoja vijiti vyembamba vya kaboni ndani ya vishikizo vya plastiki ili vimeze mtetemo vyenyewe. Ni kitu kizuri sana, lakini kwa bei yake mimi ningenunua mishale kumi na miwili kwanza. Fimbo ikifika, iviringishe juu ya kioo cha meza uone kama imenyooka, kisha shika ncha zote mbili uzisokote kidogo: ikilia mahali penye gundi, ujue itang'oka.

Baada ya fimbo, vyuma vya uzito. Wengi wangeweka fimbo za pembeni hapa, lakini vyuma vinachongwa mjini kwetu, tena kwa makuta machache. Mji wa shaba, utakosaje fundi wa kuchonga gramu 30? Ila chunga meno ya skrubu. Upinde hutumia kipimo cha 5/16-24: unene wa milimita 7.94, na hatua ya jino kidogo zaidi ya milimita 1. Bolti ya kawaida ya M8 ni milimita 8 na hatua ya 1.25. Tofauti hiyo huioni kwa macho. Mimi fundi mmoja aliniambia, "Mukubwa, itaingia tu," na kweli ikaingia mizunguko miwili, ikang'ang'ania, ikatoka na meno ya aluminiamu ya mpini wangu. Mpelekee fundi skrubu ya asili, usimpelekee maneno.

Anza na gramu 60 hadi 90 mbele. Usipime kwa mishale sita ya asubuhi ukiwa na nguvu. Raundi ya kufuzu ya mita 70 ina mishale 72, basi tazama kumi na miwili ya mwisho. Kama upinde unashuka kabla hujaachia, punguza. Hakuna aibu.

Zinazofuata ni fimbo mbili za pembeni, inchi 10 au 12, pamoja na kiungo chake chenye umbo la V. Kazi yake ni kurudisha uzito nyuma, karibu na mkono, na kuzuia upinde usilale upande. Zina faida, lakini zinaongeza uzito, na bega lisilozoea litalalamika. Ngoja miezi michache. Wenye upinde wa kompaundi, ule wa magurudumu, wengi huweka moja tu, nyuma upande mmoja.

Raba ya kumeza mtetemo, ile inayofungwa kati ya fimbo na vyuma, naiweka ya nne. Mtetemo unaousikia mkononi huja mshale ukiwa umekwisha kuondoka, kwa hiyo raba haitakuongezea pointi moja kwa moja. Itakupunguzia uchovu wa kiwiko. Kama unapiga kila siku, hiyo si ndogo. Chagua ngumu ikiwa vyuma ni vizito: ukiulaza upinde na ncha ikaning'inia chini, raba hiyo ni laini mno. Usiiache ndani ya gari juani mwezi wa Oktoba. Ikianza kuonyesha nyufa, ibadilishe.

Vile vipira vya kubandika kwenye mabawa, yaani sehemu mbili za upinde zinazopinda, vinapunguza kelele. Mwindaji anavihitaji; shabaha haina masikio.

Na kama unapiga upinde mtupu, ule usio na kilengeo, weka pesa yako mfukoni. Kanuni za World Archery, shirikisho la dunia la mchezo huu, haziruhusu fimbo kabisa, ila uzito ulioshikana na mpini tu, na upinde usiofungwa ugwe lazima upite kwenye duara la sentimita 12.2.

Ukiagiza, mwambie anayesafiri aitie fimbo kwenye kipande cha bomba la maji la plastiki na kuziba ncha zote mbili kwa nguo. Yangu ya kwanza ilisafiri ndani ya sanduku la viatu vya watu, ikafika vipande viwili.