Slabu inavuja? Pima unyevu kabla hujalipia povu

Hii naiandika kwa sababu ya fremu mbili za biashara za mama yangu pale Mwanga, hapa Kigoma, na kwa sababu wiki hii nimepata meseji nne, za watu wa Gungu na Ujiji, wote wanauliza kitu kimoja, slabu, yaani paa bapa la zege, inavuja, nipulize povu lile la kemikali linaloganda juu ya paa au nipake nini. Mwaka jana Novemba, mvua zimeshaanza, mimi nililipia povu. Jamaa alikuja na mashine yake kutoka mbali, mvua ikakatika siku mbili, akapanda juu akasema pamekauka, akapuliza, kazi ya asubuhi moja na palipendeza kweli, paa zima hakuna kiungo hata kimoja. Kufika Januari limejaa malengelenge makubwa kama sahani, ukikanyaga panabonyea, na maji yanachuruzika kwenye taa ya fremu ya pili ambayo zamani ilikuwa haivuji kabisa. Simu yake haipokelewi mpaka leo.

Mambo ya warantii na rangi gani inapendeza siyagusi, hayo kila muuzaji atakwambia. Kitu ambacho dukani hakuna anayekuuliza ni kwamba ndani ya zege lako kuna maji au hakuna. Zege linanyonya jamani. Slabu ya mita za mraba 60 ikipigwa mvua ya milimita 50 tu, hapo zimemwagika lita 3,000, matanki matatu ya lita elfu moja, na kama bomba la kutolea maji limeziba yakatuama siku tatu, yanazama ndani, halafu jua likiwaka asubuhi moja juu panakuwa peupe pakavu fundi anakwambia tuanze. Sasa povu la kweli ni kemikali mbili zinazochanganyika kwenye bunduki ya kupulizia, na moja yake inaitwa isosayaneti, hiyo ikikutana na maji inatoa gesi, kwa hiyo povu linavimba vibaya na halishiki. Hata likishika, jua likipiga yale maji yaliyofungiwa chini yanageuka mvuke yanasukuma kwenda juu. Hayo ndo malengelenge yangu. Na maji yakikosa njia ya juu yanatembea ndani ya slabu mpaka yakute tundu, ndo maana yakatokea kwenye taa ya fremu nyingine.

Kipimo hakina gharama. Kata nailoni nene inayoonyesha, futi moja na nusu kila upande, ibandike juu ya slabu kwa seloteipu pande zote nne hewa isipite, iache masaa 16, yaani jioni mpaka kesho yake. Ukikuta matone chini ya nailoni au zege pale limekuwa jeusi kuliko pembeni, bado lina maji. Fanya sehemu tatu nne, hasa kwenye kona na pale maji yanapotuama. Fundi akikataa kusubiri, mtafute mwingine.

Sasa njia za kuzuia maji, ninavyozipanga mimi. Ya kwanza ni SikaTop Seal-107 na sifichi kwamba naipenda. Sika ni kampuni ya Waswisi, wapo tangu 1910, na dawa yao ya kuzuia maji ilitumika kwenye handaki la reli la Gotthard mwaka 1918, maji ndo kazi yao. Hii inakuja unga wa simenti na maji yake meupe, unakoroga, unapaka kwa brashi mikono miwili, yaani tabaka mbili, mkono wa pili unaukatiza wa kwanza. Ninachoipendea zaidi ni kwamba yenyewe inataka zege lenye unyevu, fundi analowesha kabisa kabla ya kupaka, ila dimbwi lisiwepo. Kwa Kigoma ambako mvua tunazo kuanzia Oktoba mpaka karibu Mei, hiyo ni nafuu kubwa. Udhaifu wake ni nyufa zinazocheza, hizo lazima uzichimbe na kuziziba kwanza kwa kitu kinachovutika, na siku ya kwanza usiache jua kali wala mvua viipige.

Ya pili ni karatasi ya lami ya kuchoma kwa gesi, chukua ya milimita 4 yenye kokoto ndogondogo juu za kukinga jua. Rola ni mita 1 kwa 10, na viungo vipandiane sentimita 10, simama mwenyewe uhesabu, mafundi wanabania hapo. Hii yenyewe inataka zege kavu tu.

Povu la kupuliza naliweka la tatu. Sisemi ni kitu kibaya, likipulizwa Julai kwenye slabu kavu ni jepesi, halina viungo, na chini panapoa mchana. Lakini lazima lifunikwe na rangi ya kukinga jua mapema, siku hiyo au kesho yake, la sivyo linageuka kahawia na kumeng'enyuka, na anayepuliza bila barakoa ya kemikali anaharibu mapafu yake.

Povu la kopo la mililita 750 ni la kuzibia fremu za milango, paani usiliweke. Lami ya ndoo inapasuka. Basi.

Kinachonikera ni bei zetu. Ukiuliza kwa nini ndoo moja inazidi ya Dar kiasi kile unaambiwa usafiri, wakati reli imefika hapa tangu 1914, na mzigo wenyewe umekaa stoo mpaka umeisha muda. Mimi nimeuziwa unga wa kupaka paa umeganda mabonge, tarehe imefutwa kwa kidole, nikarudisha, nikaambiwa kilichofunguliwa hakirudi, sasa mabonge ningeyaonaje bila kufungua? Siku hizi nabonyeza mfuko palepale kaunta, nasoma tarehe, nadai risiti yenye jina la bidhaa, wanune wasinune. Povu la mama tunalikwangua Juni, nailoni nimeshakata.