Bodi ya futi nane kasoro kwa mzee wa kilo 88: uzoefu wangu Durban

Ukishavuka arobaini na unataka kurudi kwenye mawimbi, usianze kwa kuuliza urefu wa bodi ya kutelezea mawimbini. Uliza lita. Mimi nilijifunza kuteleza mawimbini hapa Durban nikiwa kijana mgeni kutoka Tanga, kilo 64, juu ya bodi ya futi 6 na inchi 2 yenye ujazo wa lita 27 hivi. Baadaye kazi, ndoa, watoto. Bodi ikaenda kwa mtu. Sasa nina miaka 49, kilo 88, na goti la kushoto lenye maoni yake. Bodi ile leo ingezama nami kabla sijapiga hata mkono mmoja.

Ujazo ndio unaokubeba, na watengenezaji wengi siku hizi huuandika kwenye bodi yenyewe pamoja na vipimo vingine. Mzoefu aliye fiti hutumia lita kama 35 hadi 40 kwa kila kilo 100 za uzito wake. Anayeanza anahitaji lita sawa na kilo zake, au zaidi. Sisi tuliojua tukaacha tuko katikati. Hesabu niliyoifuata ni kilo mara 0.65 hadi 0.7, nikapata lita 57 hadi 62. Watu hudhani kazi ni kusimama. Kusimama ni sekunde chache tu, muda mwingi umelala kifudifudi unapiga mikono, na kinachokufa kwanza ni mabega. Bodi yenye ujazo inaelea juu, inakwenda kwa mikono michache, na inalipata wimbi mapema kabla halijasimama wima. Hapo unapata nafasi ya kuinuka bila haraka, maana kwa rika letu kuinuka kuna hatua zake: mikono, goti, dua, ndipo miguu.

Sikununua kwa kuangalia picha. Nilikodi kwanza, aina tatu, kwenye kibanda kimoja cha ufukweni ambacho sina ila sifa kwake. Kijana wa Kizulu anayekodisha alinitazama juu mpaka chini, akasema, “Baba, wewe chukua ya sponji.” Ilikuwa ya futi 8, karibu lita 85. Ikikugonga haikuumizi sana, na kwa siku za mwanzo simwambii mtu aikatae. Lakini ukishakumbuka kugeuka, yenyewe inageuka kama jahazi lililojaa mikoko.

Ya pili ilikuwa ndefu, futi 9 na inchi 2. Kwenye mawimbi ya pole yanayokwenda mbali ningeichukua bila kufikiri. Durban, hata hivyo, ni fukwe za mchanga; wimbi linapanda juu ya fungu na kujikunja ghafla, na pua ndefu iliyonyooka inachimba maji, unarushwa mbele. Tena haiingii kwenye gari langu.

Ya tatu ndiyo aina niliyoinunua, mtumba, kwa randi 6,500: futi 7 na inchi 10, upana inchi 22, unene inchi 3, lita 60. Pua yake ni ya duara na imepinda juu kidogo. Chini ina mapezi matatu, mtindo ulioenezwa na Mwaustralia Simon Anderson mwaka 1981. Naitumia zaidi ufukwe wa Addington, ambako mawimbi ya kusini hupunguzwa nguvu na kilima cha Bluff na gati la bandari. Asubuhi za Juni hadi Agosti, upepo wa nchi kavu ukilainisha maji, bodi hii ni raha tupu. Inashika wimbi mapema, inanisubiri nisimame, kisha inageuka ninapotaka, si kwa ukali lakini inageuka. (Shaun Tomson, bingwa wa dunia wa 1977, ni mtoto wa mji huu. Enzi zake fukwe nzuri za hapa zilikuwa za Wazungu peke yao, na hali hiyo ilidumu hadi mwishoni mwa miaka ya 1980. Kila nikibeba bodi kupita pale hulikumbuka hilo.)

Kasoro zipo. Huwezi kuizamisha chini ya wimbi linalokuja kama tulivyofanya ujanani, inaelea mno. Siku za mawimbi makubwa nazunguka, au pale New Pier natumia mkondo unaotoka nje kando ya gati, unakusogeza bure. Pili, ni nyepesi. Miezi ya joto upepo wa kaskazini mashariki ukichafua bahari, inarukaruka chini ya miguu hadi unatamani ingekuwa nzito kidogo. Tatu, bodi kubwa ikikuponyoka ni hatari kwa wenzako. Kamba ya mguuni iwe na urefu usiopungua bodi yenyewe, na ukiona uchakavu badilisha.

Kuhusu malighafi: yangu ni faiba na gundi ya epoksi juu ya povu jepesi. Haibonyei upesi kama zile za poliesta, ila usiiache ndani ya gari juani, ngozi yake itavimba. Ikipata ufa toka majini, kwa sababu povu linaweza kunyonya maji. Na fundi asitumie gundi ya poliesta kuitengeneza. Inayeyusha povu hilo. Epoksi tu.

Papa ndilo swali la kila ndugu anayepiga simu kutoka nyumbani. Durban imeweka nyavu tangu 1952, lakini msimu wa dagaa, Juni na Julai, nyavu zinaweza kuondolewa na watu kuzuiwa kuingia majini, kwa hiyo soma ubao wa waokoaji kwanza. Mimi naogopa zaidi maji machafu. Baada ya mafuriko ya Aprili 2022 fukwe zilifungwa kwa sababu ya majitaka, na hadi leo mvua kubwa ikinyesha nakaa nyumbani siku kadhaa.

Mwenye kilo 70 atafute lita 46 hadi 49, pengine futi 7 na kidogo. Aliyepita kilo 100 aende futi 8 na nusu bila aibu. Na yule ambaye hajawahi kusimama kabisa juu ya wimbi, hii ya kwangu si yake bado, akodi sponji.