Mswaki wa mti au mswaki wa dukani: upi unafaa fizi zako?

Kijana wa miaka 22 akitema mate yenye damu kila asubuhi, mara nyingi chanzo ni utando wa bakteria uliojificha mpakani mwa jino na fizi. Kuuondoa utando huo ndiyo kazi ya kwanza ya mswaki, na yote miwili inaiweza. Shirika la Afya Duniani lilihimiza matumizi ya mswaki wa mti tangu 1986.

Kwa gharama, wa mti unashinda: ni nafuu, hauhitaji dawa ya meno, unakaa mfukoni. Ila unadai ustadi. Nyuzi zake zimeelekea mbele, hivyo meno ya mbele hung'aa huku magego yakisahaulika, hasa upande wa ndani. Ukisugua kwa nguvu, fizi hurudi nyuma na mzizi wa jino kubaki wazi. Ncha ikichakaa, ikate.

Wa dukani, wenye nyuzi laini, hufika nyuma kwa urahisi, na dawa yenye floridi hukinga meno yasioze. Ubadilishe kila miezi 3 hivi. Inaniuma kuona vijana wakiacha kupiga mswaki kwa kuogopa damu, wakati ndipo fizi zinapouhitaji zaidi.

Mpenda soda na peremende asiikose floridi. Aliye safarini, au anayefunga Ramadhani, wa mti utamfaa mchana, na wa dukani usiku. Ugaga ukishaganda, hakuna mswaki utakaoung'oa. Hapo ni kwa daktari wa meno.