Magari ya Kimarekani ya kufungua paa: nenda na ndoo ya maji kabla hujatoa hela

Msimu wa korosho ukifunguliwa na hela za minada ya kwanza zikianza kuingia, simu yangu haipumziki. Dada naomba ushauri, nimeona ndinga ya Kimarekani ya zamani, paa linafunguka, rangi inang'aa, nichukue? Halafu mvua zikianza Desemba wanapiga wale wale na sasa ni malalamiko, kapeti limelowa, ndani kunanuka ukungu, fundi kapaka silikoni kwenye raba ya kioo cha mbele wee na maji bado yanaingia. Kijana mmoja wa Shangani alinitumia video ya Ford Mustang nyekundu ya 1966, viti vyeupe, nikeli zote zinawaka, anabonyeza kapeti kwa kidole upande wa dereva na maji yanapanda juu. Aliyemuuzia anasema ni raba tu. Siyo raba, na mtu anayeuza magari ya bei ile hawezi kuniambia kwamba hajui.

Kwa hiyo leo siongelei rangi, wala mlio wa V8 (injini ya silinda nane), wala maili kwenye dashibodi, hivyo utaambiwa na kila dalali hata usipomuuliza. Injini yenyewe hainitishi. Ni injini za kabureta, chuma kitupu, na huku Kusini tunao mafundi waliokulia kwenye Land Rover 109, wanafungua na kufunga bila kompyuta yoyote. Uliza kitu kimoja tu, kama silinda hedi imeshawekewa siti ngumu za vavu (pete za chuma ambazo vavu hukalia zikifunga), maana zilitengenezwa enzi za petroli yenye risasi na ya sasa haina. Kinachomaliza watu ni bati, tena lile bati usiloliona.

Chini ya kioo cha mbele, pale waipa zinapokaa, Mustang za miaka ile zina matundu membamba ya kuingizia hewa. Hewa inaingia humo na mvua nayo inaingia humo humo, Ford walipanga hivyo, kwa sababu chini yake kuna boksi la bati linalopeleka maji kushoto na kulia mpaka yatokee nyuma ya matairi ya mbele. Ndani ya boksi kuna matundu mengine makubwa ya kupeleka hewa kwa abiria, na kila tundu limezungushiwa ukingo wa bati ili maji yasimwagike miguuni. Shida inaanzia hapo, boksi lenyewe ni mabati mawili yaliyoshikizwa kwa weldi za nukta nukta na ndani halikupakwa rangi ya maana. Sasa lilete gari hilo huku kwetu, lipaki chini ya mwembe, majani yanadondokea kwenye matundu, yanaozea mle ndani, yanashika unyevu, na hewa ya chumvi ya Mikindani au ya pale ufukweni Lindi inamalizia kazi. Ukingo unaliwa kimya kimya. Nje gari linameta.

Kulitengeneza ndiyo kilio. Unang'oa fenda za mbele, unang'oa kioo na waipa, unatoboa zile nukta za weldi moja moja mpaka bati la juu litoke, unasafisha, unachomelea vipande vipya, unapaka rangi, unafunga, halafu rangi ya nje ishaharibika nayo unaanza upya. Ndiyo maana wauzaji hawafanyi. Wanapenyeza mastiki kupitia matundu au wanabandika vikingo vya plastiki kwa gundi, ikikauka wanakupigia simu uje uone gari. Na wanajua kukuita kiangazi, Julai mpaka Oktoba kapeti haliwezi kulowa hata gari likiwa limetoboka kama chujio.

Kwa hiyo beba ndoo ya lita 10 na tochi. Toa kapeti la mbele, au hata likunje tu, mwingize mwenzako alale chali kichwa kikiwa chini ya dashibodi, tochi inamulika juu. Wewe mwaga maji taratibu kwenye matundu, kwanza upande wa dereva, subiri, halafu upande wa abiria. Usimwage kwa pupa, kutu ndogo inahitaji maji yakae kidogo ndiyo ionekane. Kwenye gari ambalo bati lake halijaoza maji yote yatatokea chini nyuma ya tairi la mbele, safi au na majani mawili matatu. Yakitoka ya kahawia yenye magamba ya kutu shtuka, na mwenzako akiona tone moja ndani, mazungumzo ya bei yanaanza upya au yanaishia hapo.

La pili linahusu magari ya wazi tu. Gari ukilitoa paa umelitoa uti wa mgongo, na Mustang haina chasisi ya kujitegemea, bodi yenyewe ndiyo imebeba kila kitu, kwa hiyo kwenye ya wazi Ford waliongeza mabati mazito ndani ya yale maboksi marefu chini ya milango. Yakioza hayo gari linapinda katikati taratibu. Fungua paa, kaeni watu wawili mbele, angalia mwanya wa mlango kuanzia juu mpaka chini. Ukiwa umebana juu na chini umeachia, ondoka. Kisha piga jeki upande mmoja uone kama mlango bado unafunga vizuri. Pitisha na sumaku yoyote ya spika ya redio chini ya milango, isiposhika hapo kuna puti, lile lipu la kuzibia matundu kabla ya rangi, na puti haibebi gari.

La tatu ni namba. Mustang za 1965 na 1966 zina namba iliyogongwa kwenye bati la ndani la fenda upande wa kushoto, chini ya boneti. Tarakimu ya kwanza ni mwaka, 5 au 6, inafuata herufi ya kiwanda, halafu tarakimu mbili za aina ya bodi. Ya wazi inasoma 08. Ikisoma 07 hiyo ilizaliwa na paa la bati na mtu amelikata na msumeno, haina yale mabati mazito niliyoyasema. Herufi inayofuata ni injini, T ni silinda sita, C na A ni V8. Dalali akikwambia ni V8 orijino na namba inasema T, mengine yote aliyokwambia yahakiki upya.

Sasa magari yenyewe, kwa mpangilio wangu.

Ya kwanza ni Mustang ya 1965 au 1966, na hapo sihami. Utasema mbona nimeisema vibaya hivyo. Nimeisema kwa sababu ugonjwa wake unajulikana ulipo na dawa ipo. Ilizinduliwa tarehe 17 Aprili 1964 na haikufika miaka miwili wakawa wameshatengeneza milioni moja, za wazi za 1966 peke yake ni zaidi ya 70,000, ndiyo maana mpaka leo spea zake zinatengenezwa mpya, kuanzia skrubu ya taa mpaka bodi nzima. Urefu wake ni mita 4.6 hivi, inapita hata vichochoro vya Mikindani. Mimi ningechukua ya silinda sita ya lita 3.3 iliyo kavu chini kuliko V8 ya lita 4.7 iliyolowa, na bahati nzuri silinda sita bei yake huwa chini. Ila breki zake zisikie: nyingi zina drum kote kote na masta silinda ya chemba moja, mpira mmoja ukivuja breki zote zinakwenda. Badilisha kuwa ya chemba mbili na disk mbele kabla hujaipeleka Newala, ule mteremko wa kurudi sio wa kujaribia.

Ya pili Chevrolet Impala ya 1965 au 1966. Hii ina chasisi yake, kwa hiyo bodi ikianza kuoza haipindi haraka. Ingia chini uangalie chasisi pale inapopanda juu ya ekseli ya nyuma, matope yanalala hapo. Ni ndefu mita 5.4, pima kwanza geti la nyumbani kwako.

Ya tatu Cadillac Eldorado ya 1976, na kama unatafuta iliyotunzwa kwelikweli humu ndimo zimo. GM, kampuni yenye Cadillac, waliitangaza kuwa ndiyo ya mwisho ya wazi kutengenezwa Marekani, zikatoka 14,000, watu wakazinunua wakazifungia gereji wakijua zitapanda bei. Halafu 1984 Cadillac wakatoa nyingine ya wazi, walionunua wakakasirika mpaka wakaenda mahakamani. Faida yake imebaki kwetu, zipo zilizotembea kidogo sana. Injini lita 8.2. Mafuta hayo utayajibu mwenyewe.

Ya nne Lincoln Continental ya 1961 mpaka 1967, milango minne, ya nyuma inafungukia nyuma, gari zuri kuliko yote niliyoyataja na Rais Kennedy alibebwa kwenye ya aina hiyo. Lakini paa lake linaendeshwa na mota, relei na swichi chungu nzima, na chumvi ya baharini inapenda relei. Likigoma katikati ya mvua pale Mingoyo utalisukuma na nani.

Za bei rahisi, Chrysler LeBaron za miaka ya 80, zinaendeshwa tairi za mbele na silinda nne. Ukitaka upepo tu chukua.

Zote za juu usukani uko kushoto. Barabara ya kutoka Dar kuja huku ina malori, kulipita lori ukiwa umekaa upande wa majani huoni mbele, kwa hiyo safari ya kuileta safiri na mtu mwenye akili aliyekaa kulia akuangalizie.

Na kuhusu bei nina dukuduku. Kuagiza ni gharama, hilo nakubali, ushuru wa forodha 25%, ushuru wa bidhaa 10% kwa injini inayozidi cc 2000, ushuru wa uchakavu kwa gari lililozidi miaka kumi, halafu VAT 18% inakaa juu ya vyote hivyo. Pitia TRA upate hesabu kabla hujatuma hela nje. Lakini lile gari ambalo limeshalipiwa, lina kadi, limekaa yadi Dar tangu mwaka jana, kwa nini bei yake Novemba inaruka mamilioni? Kwa sababu wamesikia korosho imelipwa. Wakisikia lafudhi ya Kusini kwenye simu wanataja bei kwa dola, na wanakuambia kuna mteja mwingine yuko njiani na keshi. Mkulima kapalilia, kapulizia salfa, kasubiri malipo ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), halafu anatajiwa bei yake peke yake, inaniuma sana. Kama unaweza kusubiri, ifungie hela mpaka Mei au Juni. Miezi hiyo simu wanapokea mara ya kwanza, bei wanataja kwa shilingi, na wanakubali uje na fundi wako na jeki yako.